Fulana za Mheshimiwa

Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Itundubwe hutoa taarifa kila Jumamosi kwenye grupu la WhatsApp, na huzipanga kwa namba kama mtu anayesoma bajeti. Moja, mbuzi waliokamatwa kwenye mashamba ya watu. Mbili, choo cha shule. Mimi niko Guangzhou mwaka wa saba sasa, nanunua nguo na kusafirisha nyumbani, mwenyewe narudi mara moja kwa mwaka. Huku WhatsApp haifunguki mpaka uwe na programu ya kuipenyeza, na siku ikigoma, imegoma. Ndugu zangu walinipigia siku mbili sipatikani. Ilipofunguka, cha kwanza kuona ni taarifa ya mwenyekiti.

"Nne: tumempoteza Joyness, mke wa Abeli, akiwa mjamzito, njiani kwenda hospitali ya wilaya. Tano: mbwa wote wapelekwe kuchanjwa."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mke wangu amekufa.

Zahanati ya kijiji ilikuwa imekwisha kujengwa wakati huo. Bati limepigwa rangi, vitanda vimo ndani. Lakini ilifungwa kufuli ikimsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe, na muuguzi hapangwi mahali ambapo hapajazinduliwa, ndivyo walivyosema. Joyness alipitishwa mbele ya mlango ule amelala kwenye machela, damu inamtoka. Mimi shule niliishia darasa la saba, mambo ya itifaki siyajui. Ila najua mwenye ufunguo ndiye wa kuulizwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti, mzee Aloyce. Hakuna aliyemuuliza.

Miaka miwili ikapita. Mwaka huu mgeni rasmi akapatikana, na muuguzi akaletwa, binti anaitwa Bertila, amekuja na maboksi yake ya dawa. Mwenyekiti akanipigia mwenyewe. Mwanetu wa ughaibuni, tunaomba fulana mia mbili za uzinduzi, ziwe na picha ya mheshimiwa kifuani, chini ziandikwe ASANTE MHESHIMIWA. Nikakubali. Nikazichapisha Xintang kwenye karakana ninakonunuliaga jinzi, zikatoka nzuri kweli. Kisha nikazisukumia chini ya kitanda changu.

Nilimwambia zimekwama bandarini. Nilitaka asimame mbele ya mkubwa wake na watu waliovaa kila mtu nguo yake, aone haya, atoe macho. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Jumamosi ya wiki ya tano tangu nimdanganye nilikuwa kwa Njambi, Mkenya anayepika chakula chetu kwenye chumba cha juu, pembeni ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Nikasoma taarifa nikacheka kwa sauti.

"Unacheka nini, buda?"

Nikamsomea. "Uzinduzi wa zahanati umeahirishwa tena hadi fulana zitakapowasili kutoka China. Wananchi muwe na subira."

"Kwa hivyo watu wamefungiwa hospitali juu ya tisheti?"

"Mwenyekiti ndiye amefunga. Mwache aaibike."

"Na hizo tisheti ziko wapi?"

"Kwangu. Chini ya kitanda."

Njambi akaweka mwiko chini. "Manze, Abeli. Kumbe mheshimiwa ni wewe."

Wale waliokuwa wanakula wakacheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nikaacha chapati yangu nusu.

Nikiwa bado barabarani, simu ikaita. Ni Kissa, mdogo wake Joyness.

"Shemeji, za huko?"

"Nzuri. Mnaendeleaje?"

"Tupo. Fulana zimefika wapi?"

"Bandarini," nikasema.

"Zitafika kabla ya mwisho wa mwezi?"

"Mbona unaulizia fulana wewe?"

"Si unajua hali yangu, shemeji. Siku zangu zimebaki za kuhesabu. Na mvua imeanza, mbao za daraja la kwenda wilayani zimeng'oka tena. Dada alifia palepale darajani."

Nilisimama kwenye kibaraza cha duka la watu mpaka mwenye duka akanifukuza kwa mkono. Nikampigia mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanetu! Mzigo vipi?"

"Mzee, fungua zahanati. Muuguzi yupo, dawa zipo."

"Abeli, kila kitu kina utaratibu wake. Mheshimiwa anakuja na waandishi wa habari. Tukifungua leo, yeye atakuja kuzindua nini?"

"Kissa anakaribia kujifungua."

"Kissa si wa kwanza kuzaa kijiji hiki. Wewe shughulikia fulana."

Akakata. Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani na mafurushi yale chini yangu. Ningezituma kwa ndege zingefika, ndiyo. Halafu ingetafutwa tarehe ya mheshimiwa. Halafu mheshimiwa angepata safari. Nikaona kwamba fulana zikiwepo tu, popote pale duniani, Aloyce ana sababu ya kusubiri.

Asubuhi nilizibeba kwa kigari hadi Shisanhang, kwenye mtaa wa maduka ya jumla, wakati wabeba mizigo wanapumzika kabla malori hayajajaa. Nikaanza kuwagawia. Mmoja akaigusa ile sura kifuani akaniuliza kwa Kichina ni nani. Nikamwambia laoban, yaani bosi. Akacheka, akavua shati lake akaivaa. Mpaka saa nne mtaa mzima wa wasukuma vigari ulikuwa unamshukuru mheshimiwa.

Nikapiga picha. Nikaituma kwenye grupu, na chini yake nikarekodi sauti yangu.

"Mimi ni Abeli. Fulana hazikukwama bandarini. Nilizikalia mimi kwa hasira zangu, mnisamehe. Sasa hazipo, nimezigawa, mnaona wenyewe. Hazitakuja, kwa hiyo msizisubiri. Bertila yupo na dawa zipo. Kina mama, nendeni kesho asubuhi kwa mwenyekiti mkachukue ufunguo. Msiondoke mpaka awape."

Hata nusu saa haikupita nikawa nimeondolewa kwenye grupu. Siku nne nikakaa sijui kitu. Namba ya Kissa ilikuwa haipatikani. Nilikuwa naenda sokoni, naulizwa saizi, najibu vingine.

Siku ya tano Kissa akapiga. Sauti yake ilikuwa chini, na nyuma yake kuna kitoto kinalia.

"Shemeji, ni wa kike. Damu zilitaka kunizidi, Bertila akanichoma sindano zikakata. Kasema ningekuwa njiani, basi."

"Ufunguo mlipataje?"

"Tulienda kina mama kama thelathini, tukakaa kwenye uwanja wake. Hatukumtukana wala nini. Ilipofika saa tatu mkewe akautoa, akatupa. Sasa mwenyekiti ametangaza uongozi umeona vyema huduma zianze mapema."

"Saa tatu ya asubuhi?"

"Ndiyo. Tulifika saa moja."

Nikampa hongera, nikamwambia apumzike, nikazima simu.

Saa mbili tu. Kina mama kwenye uwanja, saa mbili, basi. Aloyce nitamlaumu mpaka naingia kaburini, na waliomweka pale nao. Lakini mwaka ule Joyness akiwa na mimba, mlango umefungwa, nami nilikuwa kwenye grupu lilelile. Kila Jumamosi nilisoma kwamba tunamsubiri mgeni rasmi. Nikawa najibu, "Asante kwa taarifa, mwenyekiti."