Bi Tangazo Apokea Simu za Seva

Bwana Mitambo aliipoteza sauti yake Jumamosi, kwenye michezo ya shule ya binti yake, mkewe alipoingia katika mbio za magunia za wazazi. Alimshangilia tangu kipenga kilipopulizwa mpaka alipomaliza, na kwa kuwa mkewe alimaliza baada ya watu wote, tena baada ya kuanguka na kujizoazoa njiani, ushangiliaji huo ulichukua muda mrefu. Jumapili aliamka na sauti kama ya mlango wa stoo. Jumatatu hata huo mlango ulikuwa umefungwa. Alifungua kinywa ampe mkewe habari za asubuhi, ikatoka pumzi tupu.

"Leo kutakuwa na amani humu ndani," mkewe akasema, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Shida ni kwamba sauti ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Bwana Mitambo alikuwa ameajiriwa na kampuni ndogo kujibu simu za wasimamizi wa seva, yaani wale watu wanaotunza kompyuta kubwa za maofisini, zile ambazo hazizimwi na ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zigome. Seva ikigoma, msimamizi hujaribu hili na lile, na akishaishiwa humpigia Bwana Mitambo. Naye, akiwa amekaa kwenye meza ya sebuleni kwake na kikombe cha chai, humtuliza, humuuliza, humwelekeza. Maswali yenyewe yalikuwa yaleyale kila wiki: diski imejaa, ruhusa imekataliwa, neno la siri limesahauliwa. Angeweza kuyajibu usingizini, na mkewe huapa kwamba amewahi kumsikia akiyajibu usingizini.

Akamwandikia bosi wake ujumbe kwamba hana sauti. Bosi akajibu kwamba mwenzake wa zamu yuko likizo, na kwamba mteja aliyeingiwa na hofu anataka kusikia mtu, si kusoma mtu. "Tafuta wa kukusemea," bosi akamalizia.

Nyumbani alikuwa amebaki mama mkwe wake tu, aliyekuja kuwatembelea. Mama huyu alikuwa amestaafu kazi ya kutangaza safari katika stesheni ya treni, na ingawa alikuwa mgeni pale mtaani, watu walishampa jina la Bi Tangazo. Sauti yake ilikuwa safi, nzito, yenye kupima kila neno, na haikuwa na mahali pa kuipunguzia. Akiomba chumvi mezani, watu wa nyumba ya pili walisogeza chumvi yao. Tena aliikumbuka kazi. Tangu astaafu hakuwa amepata cha kutangaza isipokuwa kwamba chakula kiko tayari.

"Niachie mimi, baba," alisema, Bwana Mitambo alipomweleza kwa ishara. "Wewe niambie, mimi nitawaambia."

Kumnong'oneza mama mkwe sikioni si jambo ambalo mtu mwenye adabu zake hulikimbilia, kwa hiyo Bwana Mitambo alianza kwa kuandika. Alichukua ubao mdogo wa binti yake na kipande cha chaki. Simu ya kwanza ilipolia, wakaiweka kwenye spika. Alikuwa msimamizi wa seva za ofisi ya maji, akilalamika kwamba kila anachotaka kuhifadhi kinakataliwa. Bwana Mitambo akaandika: Safisha diski. Bi Tangazo, ambaye alikuwa ameisahau miwani yake kwao, akauweka ubao mbali, akausogeza karibu, kisha akatangaza:

"Msimamizi wa ofisi ya maji, unaombwa kusafisha dishi."

"Dishi, mama?"

"Dishi. Na usichelewe."

Bwana Mitambo akapunga mikono, lakini mtu wa maji alikuwa ameshaiacha simu wazi na kuondoka. Walisikia mlango, kisha ngazi ikiburutwa, kisha kimya kirefu. Aliporudi alikuwa akihema. "Nimelisugua lote, mama, kwa sabuni. Lile la televisheni, juu ya paa la kantini. Lakini seva bado inasema imejaa."

Hapo Bwana Mitambo aliuweka ubao chini, akavuta kiti, akaiomba adabu impishe kidogo, akamsogelea mama mkwe sikioni.

Ikawa afadhali. Mtu wa maji alisema kuna faili kubwa ameshalifuta, lakini nafasi yake haikurudi. Bwana Mitambo akanong'ona kwamba faili limefutwa jina tu. Ipo programu ambayo bado imelishikilia, na isipoachia, nafasi hairudi. Bi Tangazo akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Mwanangu, abiria umemfuta kwenye orodha, lakini bado amekaa kwenye kiti," akasema. "Isimamishe programu iliyombeba, kisha uianzishe tena. Atashuka."

Kibodi ikasikika ikibofywa. "Ameshuka," mtu wa maji akasema, kama asiyeamini macho yake. "Nafasi imerudi, mama."

"Tunakushukuru kwa kusafiri nasi," Bi Tangazo akasema, akakata simu, akajiongezea chai.

Aliyefuata alikuwa msimamizi wa seva za chuo. Yeye kila akijaribu kufungua faili moja aliambiwa ruhusa imekataliwa, na sasa uvumilivu ulikuwa umemwisha. Alitaka kuyafungua mafaili yote ya seva kwa watu wote, kila mtu aingie, asome, aandike, afute, yaishe. Bwana Mitambo hakunong'ona. Aliruka kutoka kitini, akapunga mikono yote miwili, akajishika kichwa, kisha akapiga magoti.

"Mwanangu," Bi Tangazo akasema, akimtazama kwa makini, "mkwe wangu anacheza kama aliyevamiwa na nyuki. Sasa yuko chini. Nadhani jibu ni hapana."

"Basi nifanyeje, mama?"

Bi Tangazo akainama apokee jibu. "Anasema tazama faili ni la nani, kisha uingie kwa jina la huyo. Na watu wote usiwafungulie. Hilo la mwisho amelisema bado amepiga magoti."

Asubuhi ikawa inakwenda hivyo, na Bwana Mitambo akaanza kupumua. Dirisha la sebule lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ng'ambo ya ukuta mfupi, chini ya dirisha hilo, mshonaji wa jirani alikuwa na cherehani yake barazani. Alikuwa mtu mwema, ila masikio yake hayakujua likizo.

Ndipo akapiga binti mmoja, msimamizi wa seva za hospitali, sauti ikimtetemeka. Seva yake ilikuwa imejaa zombi. Katika kazi hii zombi ni programu ndogo iliyokwisha kufa, lakini jina lake bado limo kwenye seva, kwa sababu programu iliyoizaa haijashughulikia msiba. Ukiiua haifi, maana imeshakufa. Dawa ni kuimaliza ile iliyoizaa.

"Amuue mzazi," Bwana Mitambo akanong'ona.

Bi Tangazo akarudi nyuma amtazame vizuri. "Mzazi yupi?"

"Mzazi tu."

"Hakuna mzazi tu, baba. Kuna mama na kuna baba." Akafikiri kidogo. "Mama mimi simtaji. Itakuwa baba. Na hilo neno lenyewe silisemi kwenye simu ya watu." Akaigeukia simu, akalainisha sauti. "Binti yangu, mwambie baba apumzike kidogo."

Binti alikuwa mtiifu. Akaisitisha ile programu kwa muda. Punde akarudi na kilio. "Mama, sasa ndiyo nimeharibu. Baba amelala, na miadi yote ya wagonjwa imekwama. Madaktari wamejaa mlangoni kwangu."

Bwana Mitambo akakusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo. "Asilale," akanong'ona. "Afe. Afe kabisa, mama, nakuomba."

Bi Tangazo akasafisha koo. Kazi ni kazi. Akakaa wima kama zamani mbele ya kipaza sauti, na sauti ikatoka nzima, ile ya kuyapita mabehewa:

"Binti wa hospitali, sikiliza kwa makini. Muue baba. Narudia. Muue baba. Ukishamuua baba, watoto wataondoka wenyewe."

Nje, cherehani ikanyamaza.

"Nimejaribu, mama," binti akasema. "Hafi."

"Anasema hafi," Bi Tangazo akamwambia mkwewe.

Bwana Mitambo akanyoosha vidole tisa. Alimaanisha amri namba tisa, ile ambayo programu ikipewa haipati hata nafasi ya kuuliza kosa lake.

"Mpige tisa," Bi Tangazo akatangaza. "Tisa, kisha uje utuambie."

Haukupita muda, mlango ukagongwa. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene mwenye kofia, amesimama nyuma ya mshonaji ili kama kuna hatari ianze na mshonaji. Mshonaji alikuwa bado na futi yake ya kupimia shingoni. Nyuma yao walikuwepo majirani kadhaa, mmoja ameshika mwiko wenye povu, maana habari ilimkuta akiosha vyombo.

"Bwana Mitambo," mwenyekiti akasema, "tumesikia kuna baba anapigwa hapa."

Bwana Mitambo akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Mnaona," mshonaji akasema. "Hana la kusema."

"Karibuni, karibuni," Bi Tangazo akasema kwa furaha, kwani alipenda wageni. "Humu hamna baba anayepigwa. Yeye yuko hospitali."

"Anaendeleaje?"

"Hatujajua. Tunasubiri simu."

Bwana Mitambo akamrukia sikioni, akanong'ona mbiombio kwamba zile ni programu tu, zombi zilizokwisha kufa, hapana mtu aliyedhurika. Alinong'ona mengi kuliko pumzi yake, na Bi Tangazo akayapata ya katikati.

"Anasema msiwe na wasiwasi na watoto," akawaambia. "Walikuwa wameshakufa."

Mshonaji akakaa chini bila kukaribishwa.

Simu ikalia. Bi Tangazo akaibonyeza kabla Bwana Mitambo hajaifikia, na sauti ya binti ikajaa sebuleni. "Mama, amekufa. Ile tisa imemaliza kazi. Na watoto wote wameondoka, hata mmoja hajabaki. Mwingine ameshachukua nafasi yake, miadi inakwenda, na madaktari wananipigia makofi."

Mwenyekiti akavua kofia yake. Akaisogelea simu kama inayouma. "Binti, mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Umesema madaktari wanapiga makofi?"

"Ndiyo, mzee. Daktari mkuu ameniletea soda."

"Soda. Na mwili uko wapi?"

"Mwili wa nani, mzee?"

Bwana Mitambo alikuwa ameshaufikia ubao. Akaandika kwa herufi kubwa kiasi cha kuvunja chaki, akauinua mbele ya pua ya mwenyekiti. Mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Ni kompyuta." Akaigeukia tena simu. "Binti, huyu baba alikuwa kompyuta?"

"Alikuwa programu, mzee. Ndani ya kompyuta."

"Na watoto?"

"Nao programu."

"Kwa hiyo hakuna mtu mwenye damu aliyekufa huko?"

"Hii ni hospitali, mzee, siwezi kuahidi hivyo. Lakini kwa upande wa seva, hakuna."

Mwenyekiti akavaa kofia yake taratibu, akamtazama mshonaji kwa muda ambao mshonaji hakuupenda.

"Mimi nilisikia baba," mshonaji akasema.

"Usimlaumu," Bi Tangazo akamtetea. "Ilikuwa lazima asikie. Nilitangaza vizuri."

Ikabidi chai ichemshwe upya. Majirani waliokuja kuokoa mtu wakabaki kunywa, na mwenye mwiko akapewa kikombe kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuja na silaha. Mwenyekiti alitaka kujua kama zombi huambukiza. Mshonaji, aibu ikiwa imeanza kumtoka, akauliza kama tisa ni nyingi au zipo kubwa zaidi. Bi Tangazo akamjibu kila mmoja kwa ukamilifu, bila kumwuliza mkwewe chochote. Bwana Mitambo alijikunja kitini akisikia majibu ambayo hayajapata kuwa kweli popote, asiweze kukanusha hata moja.

Walipoondoka, Bi Tangazo akasema kuua kumemchosha, akaenda kulala chumbani. Simu ikalia tena. Bwana Mitambo akaitazama ikilia, akautazama mlango wa chumbani, akaona haya kumwamsha mama wa watu. Akaipokea, akanong'ona, "Haloo."

Upande wa pili sauti ya mwanamke nayo ikanong'ona, "Haloo. Kwani kuna mtu hapo?"

"Hapana. Sema tu."

"Nimesahau neno la siri la seva ya ofisi. Lile kubwa, la kufanyia kila kitu. Na bosi yuko karibu."

Bwana Mitambo hakuwahi kupata mteja anayesikiliza namna ile. Yeye alinong'ona kwa kukosa sauti, mwenzake alinong'ona kwa heshima ya siri, na kazi ikaenda kama maji. Akamwelekeza aizime seva, aiwashe, aidake kabla haijaamka vizuri, aingie bila kuulizwa jina. Alikuwa ameinamia simu, mkono umeziba mdomo kwa mazoea mapya, mkewe aliporudi kutoka kazini na kufungua mlango.

"Usimwambie mtu," mume alikuwa akinong'ona. "Litakuwa letu sisi wawili, halafu utalibadilisha."

Mkewe akaweka mkoba chini. "Unaongea na nani?"

Bwana Mitambo akafungua kinywa, akaonyesha koo, akaonyesha simu, akaonyesha kompyuta, akaonyesha chumbani. Mkewe akamnyang'anya simu.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Siwezi kusema," ile sauti ikanong'ona. "Bosi amesimama hapa. Lakini mwambie nimeshaingia, na nashukuru sana."

Mke akamtazama mumewe. Mume akamtazama mkewe, kinywa wazi, hana hata pumzi ya kujitetea. Ikabidi Bi Tangazo aamshwe.