Taa Iliyowaka Tena

Mtaani walimwita Jenereta, maana akishawaka kuzungumza, majirani hawalali. Ndiye aliyemhakikishia muuguzi kwamba godoro la kupashia vichanga joto liko tayari, ilhali fundi mwenyewe, mdogo wa mkewe, hajamaliza kupima hata kidonge kimoja cha kutiwa ndani yake.

Kidonge hakikuzidi ukubwa wa kifungo cha koti: unga wa kauri unaopitisha umeme, umekandwa ndani ya plastiki. Kikiwa baridi, chembe za kauri zinagusana na umeme unapita. Kikipata joto, plastiki inatanuka, chembe zinaachana, umeme unakatika wenyewe kabla mtoto hajaungua. Ndivyo walivyotarajia.

Muuguzi alifika asubuhi, akakaa kwenye stuli bila kutua mkoba. Fundi akatia kidonge ndani ya tanuri dogo, akakiunganisha na betri na taa. Taa ikawaka. Joto likapanda, taa ikafifia, ikazimika kabisa.

"Umeona, sista?" Jenereta akapiga makofi. "Godoro lina akili kuliko mimi!"

"Hilo halikuhitaji kupimwa," fundi akamjibu.

Muuguzi akacheka. "Basi nipeni. Kuna mama wawili wana watoto njiti, nimewaambia ni leo."

"Zima tanuri, shemeji," Jenereta akanong'ona. "Mambo yamejipa."

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya swichi. Jana alipasha kipande cha plastiki ile ile hadi kikatambaa mezani kama uji, na tangu hapo hakuacha kujiuliza: ikilainika hivyo, nini kitazizuia chembe zisikutane tena? Alitamani mno asijue. Akaondoa kidole.

"Unafanya nini? Godoro lifike joto hilo lina wazimu?"

"Umeme ukija kwa kishindo, kama ulivyoiunguza redio yako, litafika."

Wakangoja. Harufu ya plastiki ikajaa chumba. Taa ikapepesa, ikawaka, ikang'aa.

Muuguzi ndiye aliyeelewa kwanza. "Na mtoto angekuwa juu yake."

"Ndiyo, sista."

"Sasa wale mama nikawaambie nini?"

"Waambie fundi hajamaliza. Nitaje mimi, usimtaje shemeji."

Muuguzi akainuka. Usiku huo tena watoto wangelala na chupa za maji moto, zinazopoa kabla hakujapambazuka. Jenereta akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi amenuna.

"Umenivua nguo mchana kweupe."

"Utavaa nyingine. Nitafutie plastiki inayochelewa kuyeyuka."

"Inauzwa wapi?"

"Swali hilo ungeuliza kabla hujamwahidi mtu."

Jenereta akafyonya, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kutafuta plastiki.