Kata ya Kwanza

Mzee Moorosi alipoacha kuja kunywa, Mama Nthati aliumia kuliko alivyotaka kukiri. Mteja wa miaka yote, aliyekuwa akifika kitambaa cheupe cha kutangazia pombe kikiwa hakijakaa sawa mlingotini, sasa anapita njia ya juu na blanketi lake begani, uso ameugeuzia milimani. Mama Nthati akajua tu, kuna mpishi mwingine wa pombe amemnasa. Na wapishi wa Leribe wote walikuwa wanaujua ulimi wake.

Siku moja akamfuata. Alikuwa ameshakunywa kidogo, maana mwenye pombe ndani hangoji kukaribishwa. Njia nzima akawa anapanga matusi. Lakini mzee alizipita nyumba zote zenye vitambaa vyeupe, akaingia chumba cha nyuma cha zahanati. Mama Nthati akausukuma mlango kwa kishindo.

Ndani watu, Mzee Moorosi miongoni mwao, walikuwa wameketi duara na vikombe vya chai. Walikuwa wakizungumzia pombe na namna ya kuiacha, lakini hakuna aliyekuwa nayo. Muuguzi akamwonyesha kiti bila kumuuliza kitu. Aliketi kwa sababu mama mmoja alikuwa akisimulia jinsi alivyonyang'anywa mtoto.

Hilo la mtoto ndilo lililomshika. Binti yake, Nthati, alimkuta siku moja amelala sakafuni hajitambui, na mjukuu, Lineo, akicheza peke yake karibu na moto. Nthati hakupiga kelele. Alifunga nguo za mtoto, akasema, "Ukiacha kunywa, utamwona," wakaenda zao Maseru. Tangu hapo Mama Nthati alimtamani yule mtoto mpaka mikono ikamuuma, hasa wakati wa kuanua nguo, maana Lineo alizoea kujiviringisha ndani ya shuka na kusema amepotea. Hamu ikizidi, alikunywa. Akinywa, hamu ilizidi.

Alirudi kwenye kile chumba wiki iliyofuata, na nyingine tena. Katikati alianguka akanywa tena, akawaambia, hawakumfukuza. Lakini kupika aliendelea, angekula nini? Shida ni kwamba mpishi ndiye hunywa kata ya kwanza mbele ya wateja, wajue hakuna baya ndani ya chungu. Kila mtu amelelewa hivyo.

Siku moja akachota mbele yao, akaiinua kata, mate yakamjaa kinywani. Akaishusha. Akasema yeye siku hizi hanywi, aonje mwingine.

Wanaume wakatazamana. "Mama Nthati, umetia nini humo?" mmoja akauliza.

"Mtama na maji, kama siku zote."

"Basi kunywa."

Hakunywa. Wakanyanyuka mmoja mmoja, wakajitanda blanketi zao, wakaondoka. Alikimwaga chungu kizima penye majivu huku akilia, na hakuwa akiwalilia wateja. Pombe ilikuwa nzuri, naye alikuwa akiitaka. Kesho yake akapandisha kitambaa cha kijani, cha kutangazia mboga. Wa kwanza kuja kununua spinachi alikuwa Mzee Moorosi, ambaye kwake spinachi zilikuwa zinaliwa na mbuzi kwa wingi wake.

Nthati alikuja wakati wa mavuno, bila taarifa. Alisimama getini akikitazama kile kitambaa cha kijani. Kisha akambusu mama yake mdomoni, kama wanavyosalimiana kwao, akakawia hapo akinusa. Machozi yakamlengalenga. Akamsukuma Lineo mbele.

"Nenda kwa bibi."

Mtoto alikuwa amerefuka. Mama Nthati alipoketi, akampanda mapajani, akauzika uso shingoni mwake kama zamani, akavuta pumzi. Halafu akateremka, akarudi kwa mama yake.

"Huyu siye," akasema. "Bibi ananuka pombe."

Nthati akataka kumkemea, mama yake akamzuia kwa mkono. Moyo ulimuuma sana Mama Nthati. Kumbe na mtoto alikuwa na hamu muda wote huo, hamu ya yule bibi mlevi.

Hakumwita. Aliinuka akaenda kwenye kamba kuanua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi. Akaifungua shuka, akaishika wazi kwa mikono miwili, akawapa mgongo, akasubiri.