Sauti ya Kitanda cha Saba

Kasuku aliisogeza simu hadi ikabaki umbali wa kiganja kimoja na mdomo wa mama yake, kama walivyofundishwa chuoni, akasubiri mgonjwa aliyelala naye kitanda kimoja, cha saba, amalize kukohoa.

"Sema tu, mama. Kama unavyosema na mimi siku zote."

Mama yake alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha nyuzi, na vumbi la pamba halikuwa na haraka ya kumtoka kifuani. Alizungumza vipande vipande, kama mtu anayepanda ngazi.

"Wauguzi wanajitahidi, nawashukuru. Mashine mpya ya oksijeni ipo. Ile pale, tunaiona." Akameza mate. "Imefunikwa shuka tangu iletwe. Haiwashwi mpaka mheshimiwa aje kuizindua. Wenzetu wawili wamekufa wanaitazama."

"Na mende usiwasahau," alidakia mwenzake wa kitandani, mwanamke mnene mwenye masihara. "Nao wamelazwa wawili wawili."

Wodi nzima ikacheka, wengine wakalipia kicheko hicho kwa kikohozi.

Ilikuwa kazi ya somo la Utangulizi wa Utangazaji, mwaka wa kwanza: ripoti ya dakika tatu yenye sauti za watu. Mhadhiri wao, ambaye wanafunzi walimwita Mawimbi kwa kuwa kila kipindi alianza na mawimbi ya redio, alikuwa pia mhariri katika redio ya serikali. Chuo hakikuwa na studio, ila chumba chenye kibao cha studio mlangoni na viti vibovu ndani. Kwa hiyo Mawimbi alikusanya rekodi zao akaenda nazo kazini kwake.

Siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, redio ya bwaloni ikatangaza kwamba wagonjwa wameelezea furaha yao kwa huduma mpya. Kisha ikafuata sauti ambayo Kasuku aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Mashine mpya ya oksijeni ipo. Ile pale, tunaiona. Wauguzi wanajitahidi, nawashukuru."

Basi. Wenzake wakampigia makofi. "Kasuku! Umeingia hewani!"

Aliacha sahani yake mezani akaenda kumtafuta Mawimbi, akamkuta anafuta ubao.

"Mwalimu, mama hakusema vile."

"Kuna neno pale ambalo hakulitamka?"

"Hakuna, lakini..."

"Hiyo ndiyo kuhariri, binti yangu. Tulisoma wiki ya tatu, fungua daftari." Akajikung'uta chaki. "Keshokutwa mheshimiwa anakwenda kuzindua. Darasa zima litakuwepo, ndio mtihani wenu wa vitendo. Wewe utamhoji mama yako. Sauti yake ina uzito, wakubwa wameipenda. Asiyefika, somo hili atalirudia mwakani."

Jioni ile wodini, ambako redio ilikuwa imesikika pia, hakuna aliyemwitikia salamu. Yule mwanamke wa masihara aligeukia ukuta.

"Mmetuuza, wewe na mama yako," alisema akiwa huko huko ukutani.

Mama yake alimshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi. "Nilikosea wapi, Kasuku? Sikusema vizuri?"

"Ulisema vizuri, mama."

"Basi nitasema tena. Safari hii nitasema kwa nguvu."

Siku ya uzinduzi kila kitanda kilikuwa na shuka jeupe na mgonjwa mmoja. Waliozidi, pamoja na yule mwanamke wa masihara, walikuwa wamelazwa kwenye mikeka nyuma ya jengo, karibu na matangi ya maji. Utepe ulizungushwa kwenye mashine, juu ya shuka lake. Mheshimiwa alikuwa afike saa tatu. Saa sita hajaonekana, na mama yake Kasuku alikuwa ameketi kitandani, mabega yakipanda na kushuka, midomo imeanza kubadilika rangi.

"Dada nesi, amebanwa. Iwasheni basi!"

Nesi aliitazama mashine, akamtazama mganga mkuu aliyesimama mlangoni na tai yake mpya. "Utepe haujakatwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiugusa, kesho sina kazi. Nina watoto, mdogo wangu."

Kasuku akaufuata utepe mwenyewe. Askari wa mlangoni alimwahi, akamrudisha kwa bega, bila hasira, kama anayefunga dirisha.

"Acha fujo, wewe," alisema Mawimbi. Alivaa vipokea sauti masikioni, akamtilia kinasa sauti mkononi. Darasa lilikuwa limesimama nyuma yake na madaftari. "Mheshimiwa yuko njiani. Tunaanza na mgonjwa."

"Mwalimu, hawezi kuzungumza. Mtazame!"

Mama yake ndiye aliyeunyoosha mkono. Alikishika kinasa sauti pamoja na vidole vya binti yake, akakivuta mpaka kikagusa midomo. Macho yalimtoka. Alifungua kinywa kwa nguvu zake zote.

Taa nyekundu ya kinasa sauti iliwaka, ikafifia, ikawaka. Neno halikutoka, ilitoka pumzi peke yake, inakwaruza.

Mawimbi alikunja uso, akabana vipokea sauti masikioni.

"Hiyo pumzi inaharibu sauti," alisema. "Mwambie aizuie kidogo."