Baba Hasemi Uongo

...nguzo ilianguka au haikuanguka, hilo tu, mzee wetu, hatutaki hotuba, bosi anasema huku anakoroga chai, sukari imekwisha yeyuka zamani na mtu bado anakoroga, na yeye, mkaguzi mkongwe wa mitihani ya udereva, ambaye kituo kizima kinamwita Msimamo, anakikodolea macho kile kijiko, ilianguka, ndiyo, ilianguka, alikuwa amesimama palepale uwanjani siku mpwa wa bosi aliporudisha gari nyuma, paa, nguzo chini, ikamwangukia yeye mguuni, kidole gumba anakichezesha sasa ndani ya kiatu, kinauma kweli, na yule binti aliyekaa sasa pale kwenye kiti cha chuma, mkaguzi mdogo aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe, akateremka garini bila kupepesa jicho akamwambia kijana umeshindwa, rudi mwezi ujao, umeshindwa! mpwa wa bosi! na sasa bosi anasema nguzo haikuguswa, binti ana chuki zake, leo hii kazi hana, labda shahidi aseme vingine, na shahidi ni mmoja tu... mzee wetu, tunakusikiliza... anasikia, masikio hayajaziba, ila kwa nini yule mtoto anamtazama hivyo, "Muulizeni baba, baba hasemi uongo," ndivyo alivyowaambia, baba! nani kamzaa, yeye kamfundisha kupanga nguzo na kujaza matokeo, basi, hayo mengine kajiokotea mwenyewe kibarazani wakati wa mapumziko, mtu huru ni yule asiyelilia kiti, ukubwa si cheo, ukubwa ni kulala usingizi, mwenye msimamo hasimamishwi, ah, hiyo ya mwisho vijana walikuwa wanapiga meza kwa kicheko, rudia, mzee, rudia, naye anarudia, mate yanamruka, utamu ulioje, yalikuwa maneno tu bwana, ya kuteremshia chai, mkewe aliwahi kumuuliza, hiyo misemo yako tuile na mboga gani, mwanamke yule ana akili kuliko ofisi nzima, kumbe kulikuwa na mmoja hacheki, yuko pembeni anameza, na juzi bosi alipomtishia kumsimamisha kazi akamjibu humu humu, mwenye msimamo hasimamishwi, bosi akauliza nani kakufundisha upuuzi huo, binti akasema ni mzee, kwa fahari kabisa, punguani huyu, mtu mwakani anastaafu anakuja kukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe... anaibana mikono magotini, woga huu, hapana, si woga, ni hasira, anamchukia, haya, kasema, anamchukia, kwa sababu ameyafanya, yeye miaka yote kasema tu na hakuna bosi aliyewahi kumletea mpwa wake mtihanini, halafu kinda huyu kaja kuyafanya asubuhi moja tu, kama mtu anayefunga kamba za viatu, sasa nani atampigia meza tena, kila akifumbua mdomo watamtazama binti... "Sema tu, baba, usiogope," binti ananong'ona, anatabasamu, anamhurumia, Mungu wangu, anamhurumia yeye! na hapo kitu kikakatika ndani yake, kikamwacha mwepesi, karibu acheke, hata kidole kimeacha kuuma... haya, mzee wetu... subirini, subirini kidogo, anasafisha koo, bosi hajanywa, binti hajaacha kutabasamu, na msemo umeshamjia, mpya, mtamu, hata ukutani ungependeza, kwenye haki mimi sina mwana, atauanza huo, polepole, kwa huzuni ya mzazi, kisha atawaambia nguzo haikuanguka, na watamwamini.