Upinde Uliopinda Kinyume

Matiasi hakumwamini mtu, na mwaka ule wa tisini na tano, pale kijijini Kasulo, jirani na kambi ya wakimbizi, nani angemlaumu? Wakimbizi walikuwa wamefyeka pori zima kwa ajili ya kuni. Nguruwe mwitu, walipokosa pa kujificha, wakahamia kwenye muhogo wake, wakala tuta baada ya tuta. Bunduki hakuwa nayo, na upinde wake wa zamani uliliwa na mchwa. Shamba likiisha, nyumba yake italala njaa. Kwa hiyo mwanamke wa kambini alipokuja na upinde, akitaka kubadilishana kwa mbuzi wa maziwa aliyefungwa pale uani, Matiasi alitamani kukubali papo hapo. Hakukubali. Alimwita kwanza mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Audax, awe shahidi.

"Shikamoo, baba," alisema mwanamke. Aliitwa Odeta, na mtoto alikuwa mgongoni.

"Marahaba. Huu umeuiba wapi?"

Ndivyo alivyoanza! Hata kigoda hakumpa.

"Ni wangu, baba. Kule kwetu Gitega mtawa mmoja Mbelgiji alitufundisha shabaha shuleni. Alipoondoka akaniachia."

"Mtu anakimbia vita, anaacha sufuria, anabeba mchezo wa shule?"

"Sijui niliubebaje. Nilipovuka mpaka niliukuta mkononi."

Uongo mtupu, alijisemea Matiasi. Akauchukua. Ulikuwa haujatiwa ugwe, mbao nyembamba nyembamba zilizobanwa pamoja kwa gundi, za siku nyingi lakini zinang'aa. Alipitisha pamba juu yake kuona kama itanaswa na ufa. Haikunaswa. Alifumba jicho moja akautazama toka ncha hadi ncha, haukwenda kushoto wala kulia. Aliugonga kwa ukucha, akaunusa. Moyo ulimuuma kidogo kukosa kasoro, maana kasoro ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Kisha akaziona ncha. Zote mbili zimepinda kwenda mbele, kumkimbia mpigaji!

"Ahaa," alisema Audax. "Umeharibiwa na jua huo."

"Hapana," alisema Odeta. "Ndivyo ulivyotengenezwa. Ukitiwa ugwe mikono yake inarudi nyuma, na nguvu yake iko hapo. Nipe nikuonyeshe."

Akanyoosha mkono. Matiasi akausogeza upinde mbali. Anataka kuficha kitu huyu, aliwaza. Na tangu lini mwanamke akamfundisha mwanamume wa Kihangaza upinde? Akachukua ugwe, akauwekea goti, akaanza kuukunja kule kule ulikokwisha kupinda.

"Baba, si hivyo! Unaukunja kinyume! Baba!"

Sikio la kufa, jamani. Kadiri mwanamke alivyopiga kelele ndivyo Matiasi alivyozidi kukandamiza, akijua sasa amemkamata.

Upinde ukalia kwa nguvu, ukakatika katikati.

Audax ndiye aliyesema kwanza. "Ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Mimi shahidi. Binti, okota vijiti vyako urudi kambini kabla sijakuitia mgambo."

Odeta aliinama akaviokota vile vipande. "Sawa," alisema. "Ulikuwa mbovu." Alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kukiri mengi ambayo hakuyatenda, ili aachwe apite tu.

Hilo ndilo lililomchoma Matiasi. Angetukanwa, angejibu. Sasa alikuwa na mbuzi wake, na hakuna ambaye angemuuliza, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Haukuwa mbovu," alisema. "Nimeuvunja mimi."

"Wewe Matiasi, umerogwa?" Audax alimaka.

Matiasi alimfungua mbuzi, akamnyooshea Odeta kamba. Upinde hana, mbuzi hana, na nguruwe wako pale pale.

Odeta hakuipokea. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaza kitenge kilichombeba mtoto. Alimtazama mbuzi, akamtazama mjumbe, akaitazama njia.

"Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu. Mtoto apate maziwa."

"Unataka nini, baba?"

Matiasi alimfunga mbuzi kwenye mgomba kando ya njia, akamshika Audax mkono wakaingia ndani, akafunga mlango.

Akachungulia kwenye upenyo. Odeta alisimama kitambo, akiusikiliza ule mlango. Kisha akafungua kamba haraka haraka, akaondoka na mbuzi wake mbio, kama mtu aliyeiba.