Washeni Taa!

Gereji ile ilikuwa na mafundi tisa, lakini ni mmoja tu aliyeweza kuutazama mlango wa gari uliofifia kwa jua la miaka kumi akauchanganyia rangi yake hasa. Si ile ya kiwandani, bali ile ya sasa, pamoja na kuchakaa kwake. Walimwita Msimu. Hawakumpa jina hilo wazazi wake, alilipata kwa sababu ukimtajia tamthilia yoyote ya mashujaa wanaoruka angani, au ya watu wanaoishi kwenye sayari za mbali, neno lake la kwanza lilikuwa, "Msimu wa ngapi?" Ukijibu ovyo umekwisha. Utasimama hapo na spana yako mkononi ukisomeshwa mpaka bosi apige kelele.

Msimu alikuwa mtu wa maoni. Kila Jumamosi mchana, akishatoka kazini na kuoga, aliketi kwenye kochi lake, akaangalia sehemu mpya ya tamthilia, kisha akajirekodi kwa simu dakika kumi na kuirusha sauti yake mtandaoni. Sura hakuonyesha. Watu walimpenda kwa mdomo wake.

"Siku hizi shujaa hafi," alisema safari moja. "Akifa sehemu ya sita, ya saba analetwa pacha wake kutoka ulimwengu mwingine, kavaa koti la rangi tofauti, nasi tupige makofi. Sasa mimi wiki iliyopita nililia ya nini? Nirudishieni machozi yangu!"

Safari nyingine akavishukia vyombo vya anga. "Chombo kimekufa injini katikati ya nyota. Fundi anakuja, anapiga ngumi mbili ukutani, kinawaka. Mimi niko gereji mwaka wa ishirini na mbili, sijaona gari linaloogopa kupigwa."

Watu walicheka, wakatumiana rekodi zile. Lakini maoni yaliyomfanya ajulikane hasa yalikuwa mengine. Yalikuwa kuhusu giza.

Ilianza na tamthilia moja ya wachimba madini kwenye mwezi wa sayari ya mbali. Msimu aliiangalia akiwa amekunja uso, akasogeza kochi, akasogeza tena. Kwenye rekodi yake akalipuka: "Hivi hawa waongozaji wana ugomvi gani na umeme? Mtu anapigana na nani? Nimeona kiwiko. Nimeona nusu ya kofia. Jamani, washeni taa!"

Lo! Mashabiki waliipokea kama walikuwa wanaisubiri. Kweli kabisa, waliandika, hata sisi hatuoni kitu. Na ni kweli baadhi ya tamthilia zile zilikuwa za giza. Hilo ndilo lililomponza. Kuanzia hapo kila wiki walimngoja aseme neno lake, na kila wiki alilisema. Washeni taa. Vijana wakaliandika kwenye fulana. Bosi mwenyewe, akiingia gereji asubuhi, alilitumia kama salamu.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na nyumbani waliitana kwa kazi zao: yeye Mwalimu, mume Fundi. Jumamosi moja alipita sebuleni na beseni la nguo akasimama kidogo nyuma ya kochi.

"Mwalimu, hebu ona upuuzi huu," Msimu akasema. "Wamezima kila kitu."

Mkewe akaitazama runinga. "Mbona mimi naona? Yule mama yuko kwenye ngazi, ameshika taa nyekundu. Na nyuma yake kuna watu watatu."

"Wewe unaona vya kukisia. Huangalii kwa jicho la kazi."

Mkewe akacheka, akaenda kuanika nguo. Baadaye alijilaumu kwa kicheko kile kuliko kwa jambo lolote maishani mwake.

Mambo mengine yalikuja polepole, na kila moja Msimu alilipatia mkosaji. Alijikwaa kwenye jeki mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Akawafokea wenzake kwa kuacha vifaa njiani. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Kikombe kile kilikuwa na mdomo mbaya. Kisha likaja gari la mteja mmoja, la rangi ya fedha. Msimu alichanganya, akapuliza, akashinda nalo siku nzima, na lilipotolewa nje kwenye jua, mlango mmoja ukaonekana umeazimwa kutoka gari lingine.

Bosi alilizunguka gari mara mbili. "Msimu, hii ni wewe kweli?"

"Taa za humu ndani zimechoka, bosi. Nimesema tangu mwaka jana."

Taa zikabadilishwa. Gari la pili likatoka vilevile. Bosi alimkabidhi kopo la rangi fundi mwingine, mdogo kwa Msimu kwa miaka kumi na mitano, na Msimu akapewa kazi ya kuziba vioo kwa magazeti visirukiwe na rangi. Alikwenda nyumbani siku hiyo amenuna, asieleze ni kwa nini.

Wiki hiyohiyo ikatoka sehemu ya mwisho ya tamthilia aliyoipenda kuliko zote: habari za mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa zebaki, aliyeulinda mji wake peke yake kwa misimu minne. Msimu alijifungia sebuleni. Aliangalia mwanzo hadi mwisho kwa kuinamia runinga, mikono magotini. Kisha akajirekodi, akiwa na hasira ya mtu aliyevunjiwa nyumba.

"Misimu minne!" akasema. "Misimu minne tumemfuata huyu mwanamke, halafu pambano la mwisho mnalifanya jioni, ndani ya ukungu! Nasikia mapanga yakigongana, nasikia mtu anahema, sioni mtu. Kisha kimya, dakika mbili nzima, halafu majina ya waigizaji. Amekimbia? Basi semeni amekimbia! Mimi nasema amekimbia, atarudi msimu wa tano. Woga mtupu. Washeni taa!"

Akairusha, akaenda kunywa maji.

Haikupita saa moja simu ikaita. Alikuwa binti yao, aliyesoma chuo mji mwingine, na ambaye hakuwahi kukosa rekodi hata moja ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia nilivyowachana wale waongozaji?"

"Nimesikia. Baba, umeangalia sehemu ipi?"

"Ya mwisho. Ipi tena?"

"Ile ya uwanda wa chumvi?"

"Chumvi gani?"

"Baba, lile pambano ni saa sita mchana. Jua kali. Ni uwanda wa chumvi, mweupe pee mpaka macho yanauma. Hakuna ukungu wowote. Na yule mama hakukimbia. Anapiga magoti, anayeyuka taratibu, anaingia ardhini. Mkono wake ndio wa mwisho. Watu chuoni wamelia, baba. Sasa wanaandika huko kwamba umelewa."

Mwanamke wa zebaki juu ya chumvi nyeupe, na Msimu, mchanganya rangi wa miaka ishirini na mbili, hakuona kitu.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Hebu mpe mama simu."

Hakumpa. Alikata, akaiweka simu mezani. Alisimama katikati ya sebule, akaziba jicho la kulia kwa kiganja: akaona kipande cha runinga, ukubwa wa sahani, na pembeni yake rangi ya majivu. Kisha akaziba la kushoto. Akangoja. Akatoa kiganja, akaziba tena, kana kwamba mkono ndio uliokosea.

"Mwalimu!" akaita. "Mwalimu, njoo. Njoo hapa."

Mkewe alimkuta kaziba jicho la kushoto, uso kauelekeza dirishani, mchana ule wote ukimmwagikia usoni.

"Niko wapi?" mkewe akamuuliza.

"Sijui," Msimu akasema. "Ongea tena."

Jumatatu walikuwa kliniki ya macho. Daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alimpulizia hewa machoni, akamtia dawa, akamchunguza muda mrefu. Kisha akazima kurunzi yake na kuwageukia wote wawili.

"Ni presha ya macho," akasema. "Haiumi, ndiyo maana watu huchelewa. Inakula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, inaanzia pembeni. Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto limebaki tundu, kama unachungulia kwenye bomba. Nitakupa matone, na tutafanya upasuaji mdogo, tulinde hicho kilichobaki."

"Na kilichokwenda?" Msimu akauliza.

"Hakirudi."

"Daktari, ukinipa hata mwaka mzima wa dawa…"

"Hakirudi, mzee wangu. Nisikudanganye." Kisha akauliza, kama madaktari wanavyouliza, "Hukuona dalili yoyote? Kuona giza giza, kujigonga?"

Mkewe akatazama sakafu.

"Niliona," Msimu akasema. "Mwaka mzima na nusu niliona. Nilikuwa nawatangazia watu."

Upasuaji ulifanyika. Baada ya hapo Msimu alilala akiuelekea ukuta. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha mkewe. Alikuwa amezoea mtu wa kelele. Alikula akilishwa matonge mawili, akasema inatosha. Bosi alikuja kumjulia hali, akakaa ukingoni mwa kiti na kofia mkononi, akasema gereji itamtafutia chochote. Msimu akamshukuru. Wote wawili walijua kwamba gereji haina chochote.

Binti alipopata likizo alikuja mbio. Akajaribu kumchangamsha baba yake kwa namna waliyoizoea. "Baba, kuna tamthilia mpya. Shujaa wake haoni, lakini anasikia mpaka…"

"Mpaka mchwa akitafuna mlango wa jirani," Msimu akamkatiza, bado ameuelekea ukuta. "Najua. Kila kipofu kwenye tamthilia wanampa zawadi. Macho yakienda wanamlipa masikio, wanamlipa pua, anaruka maghorofa. Mimi nimelipwa nini? Jana nimemkanyaga paka. Nimetafuta mlango wa choo nikaugonga ukuta. Ni uongo, mwanangu. Uongo wote ule, na mimi nilikuwa nabishana kuhusu koti la shujaa ni la rangi gani!"

Binti akatoka nje kulia. Mkewe akabaki, akaketi kitandani.

"Fundi," akasema.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Mimi nilisimama nyuma ya kochi. Nilikwambia naona, nikacheka, nikaenda kuanika nguo. Mwalimu mzima! Mtoto wa darasani kwangu akikunja uso akisoma ubaoni namwandikia barua mzazi wake siku hiyohiyo. Wewe nilikuacha." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo kama ni kugeukia ukuta, sogea tugeukie wote."

Msimu akajivuta, akampisha nafasi. Walilala hivyo mchana kutwa, wawili, wakiuelekea ukuta mmoja.

"Unajua kinachoniua?" akasema baadaye. "Walinipigia makofi. Maelfu ya watu. Laiti hata mmoja angeniambia, wewe mzee una matatizo. Na pengine alikuwepo, nikamtukana."

Alikuwepo. Binti alimtafutia, kwa sababu baba alisisitiza. Mtu mmoja asiyejulikana aliandika, miezi kumi na moja nyuma: *Mzee, kapime macho.* Na chini yake Msimu alikuwa amejibu: *Kapime akili.* Watu mia nne walikuwa wamelipenda jibu hilo.

Siku ya pili yake akaomba simu. Alirekodi akiwa ameketi kitandani. Hakuwa na mzaha. Aliwaeleza kwamba uwanda ulikuwa mweupe na jua lilikuwa la saa sita, na kwamba yule mwanamke alikufa kwa heshima, na yeye alimwita mwoga. Akaeleza daktari alivyosema. "Mtu mmoja alinishauri nikamtukana," akasema. "Ndugu, kama bado unasikiliza, nisamehe. Ninyi wengine, zibeni jicho moja sasa hivi. Halafu la pili. Kama kuna tofauti, nendeni mkapime. Msije na maoni, nendeni tu."

Wengine walimlilia. Wengine waliandika kwamba ni kiki, janja ya kutafutia umaarufu msimu mpya. Baada ya wiki kadhaa mwanamke mmoja alituma sauti: alikuwa amempeleka baba yake, akakutwa na ugonjwa huohuo, naye pia wamechelewa, ila si sana. Msimu aliisikiliza mara moja. Hakuweza kuisikiliza tena, na hakuwahi kusema kama ilimfariji.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji alirudi kliniki kwa kipimo. Walimkalisha mbele ya mashine kama bakuli kubwa jeupe, kidevu juu ya kibao, kitufe mkononi. Kijidoa cha mwanga kitatokea huku na huku, fundi wa mashine akamweleza; ukikiona, bonyeza. Mkewe alisimama mlangoni na mkoba kifuani.

Mashine ikaanza. Msimu akabonyeza. Akabonyeza tena, na tena, haraka haraka, shingo imemkaza.

Fundi wa mashine akaisimamisha. "Mzee, unabonyeza hata ambapo hakuna kitu. Usikisie. Ukikisia nitaandika una macho mazima, halafu daktari atakupunguzia dawa."

"Nisipoona nifanyeje?"

"Ngoja tu."

Wakaanza upya. Mkewe, pale mlangoni, aliviona vijidoa vikiwaka pembeni mwa bakuli, kimoja baada ya kingine, na kidole cha mumewe kimetulia juu ya kitufe. Akauma mdomo asimwambie. Kikatokea kimoja katikati kabisa, hafifu. Kidole kikabonyeza.

"Hicho nimekiona," Msimu akasema.

"Usiongee, mzee," fundi akamwambia. "Endelea."